Vinasaba na IRIS kwa mgonjwa mwenye TB na VVU: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara barazani, kwenye foleni za kliniki na ndani ya boti za Mokowe. Mengi yana chanzo kimoja. Mgonjwa wa TB ameanza ARV, amepata nafuu, kisha baada ya wiki chache amezidiwa, na mtu amesema: "Ni damu ya ukoo wao ile." Hapa tunajibu damu ya ukoo, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, ina sehemu gani katika jambo hili, na sehemu gani si yake. Majibu haya hayachukui nafasi ya kliniki yako.

## Mambo ya msingi

1. IRIS ni kitu gani?

VVU hudhoofisha kinga ya mwili. Mgonjwa akianza ARV, virusi hupungua haraka na kinga huanza kurudi. Ikiwa mwilini mna vijidudu vya TB, vikiwa hai au vimekwisha kufa, kinga hiyo huvishambulia kwa nguvu kupita kiasi. Ni kama mwenye nyumba aliyelala fofofo wezi wakiingia: akizinduka anapiga rungu gizani, wezi wanaumia na kabati nalo linavunjika. Homa na uvimbe anaopata mgonjwa unatokana na rungu hilo kuliko unavyotokana na wezi.

Kuna aina mbili. Ya kwanza humpata mtu ambaye TB yake inajulikana na tayari anameza dawa zake. Ya pili humpata mtu ambaye TB yake ilikuwa imejificha, ikajitokeza kwa kishindo baada ya kuanza ARV. Utafiti mwingi wa vinasaba umefanywa juu ya ile ya kwanza, na ndiyo tutakayoizungumzia zaidi.

2. Hutokea lini, na huonekanaje?

Mara nyingi ni kati ya wiki ya 2 na ya 4 tangu kuanza ARV, ingawa inaweza kuchelewa hadi miezi 3. Homa iliyokwisha kuondoka inarudi. Tezi za shingoni au kwapani zinavimba, wakati mwingine zinapasuka na kutoa usaha. Kikohozi kinaongezeka, maji yanajaa kando ya pafu, tumbo linauma, na picha ya eksirei inatoka mbaya kuliko ile ya siku ya kwanza.

Hakuna kipimo hata kimoja kinachoweza kusema "hii ni IRIS". Mwaka 2008 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana vigezo vya kuitambua, na sehemu kubwa ya vigezo hivyo ni kuondoa mambo mengine kwanza: TB sugu, dawa zisizomezwa, maambukizi mapya, madhara ya dawa zenyewe. Kwa hiyo daktari akikuuliza mara tatu kama umemeza dawa zote, usione anakushuku. Lazima aulize.

3. Si ni dawa tu zimemkataa?

Hapana. Katika IRIS dawa zinafanya kazi, tena vizuri: virusi vinashuka na CD4, zile seli za kinga ambazo VVU huziharibu, zinapanda. Kuziacha ndilo kosa linaloweza kuumiza kuliko IRIS yenyewe. Akiacha ARV, virusi vinarudi. Akiacha za TB, anajitengenezea TB sugu na kuwaambukiza wa nyumbani. ARV husimamishwa mara chache sana, hali inapotishia maisha, na anayeamua hilo ni daktari.

4. IRIS inaua?

Inaweza, lakini si kwa wingi watu wanavyodhani. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja, IRIS hupata takriban mgonjwa 1 kati ya 6 wa wale walioanza ARV wakiwa kwenye dawa za TB, na katika hao walioipata hufa asilimia 2 hadi 3. Balaa kubwa ni inapotokea ndani ya kichwa, kwenye ubongo au utando wake. Hapo hatari hupanda sana (tazama swali la 16 na la 20).

## Vinasaba vinaingilia wapi

5. TB na VVU ni magonjwa ya kuambukizwa. Vinasaba vinahusikaje?

Kijidudu unakipata kwa mtu mwingine. Namna mwili wako unavyokipokea ni jambo jingine, na sehemu ya mapokezi hayo umeirithi.

Mfano tunao hapa hapa Pwani. Mtoto aliyerithi siko seli kwa mzazi mmoja tu, asiyekuwa mgonjwa bali mbebaji, amekingwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Hayo yalipimwa kwa watoto wa Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza kazi mwaka 1989. Mbu ni wale wale na malaria ni ile ile, ila mmoja analazwa na mwingine anacheza uani.

Siko seli, hata hivyo, ni kinasaba kimoja chenye nguvu kubwa, na hali ya namna hiyo ni nadra. IRIS haiko hivyo. Katika IRIS ni vinasaba vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo, na juu yake kuna mambo yasiyo ya vinasaba yenye uzito mkubwa zaidi. Anayekuambia "wana jeni ya IRIS" anazungumza kana kwamba jambo hili ni siko seli.

6. Basi ni vinasaba gani vilivyotajwa?

Vimetajwa vingi. Tuvichukue vile vinavyosikika zaidi.

Mapema miaka ya 2000, watafiti wa Perth, Australia, walitazama vinasaba vya TNF na IL-6. Hizi ni protini ambazo seli za kinga hutumia kuitana na kuwasha homa. Tofauti ndogo katika vinasaba hivyo, ya herufi moja tu, iliwatenganisha kwa kiasi wagonjwa ambao kinga yao ilichachamaa dhidi ya jamii ya vijidudu vya TB na wale iliochachamaa dhidi ya virusi vya herpesi. Ilikuwa hatua nzuri ya kwanza, lakini wagonjwa walikuwa wachache.

Kisha kuna HLA, kundi la vinasaba lililo kwenye kromosomu ya 6 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba). Kazi yake ni kuzionyesha seli za kinga vipande vya kijidudu ili zikitambue. Aina za HLA ni maelfu, na kila mtu ana mchanganyiko wake. Jirani yake kikazi ni KIR, vinasaba vya kromosomu ya 19 vinavyowasha au kuzima seli za NK, zile zinazoua seli iliyoambukizwa bila kungoja amri ndefu. KIR husoma HLA, kwa hiyo mara nyingi huchunguzwa pamoja. Utafiti mmoja wa Rio de Janeiro, Brazili, kwa wagonjwa wenye TB na VVU, uliona kinasaba cha KIR2DS2 na aina ya HLA-B*41 vikijitokeza zaidi kwa waliopata IRIS. Ni dokezo la maana, kwa sababu tafiti nyingine zimeona seli za NK zikiwa na ukali mapema kwa watu wanaoelekea kupata IRIS. Hata hivyo waliopata IRIS katika utafiti ule walikuwa wachache mno kwa mtu kuweka tanga kwa upepo huo.

La tatu ni LTA4H, na hadithi yake inawapendeza wavuvi, kwa maana ilianza kwa samaki. Watafiti waliwaambukiza samaki wadogo wenye milia kijidudu ndugu wa TB, wakaona kwamba kinasaba hiki hupima ukali wa moto wa kinga: ukipungua sana samaki anashindwa, na ukizidi pia anashindwa. Mwaka 2012 wakaonyesha jambo linalofanana kwa binadamu, katika wagonjwa wa TB ya utando wa ubongo nchini Vietnam wasio na VVU. Waliorithi aina ya moto mkali kwa wazazi wote wawili ndio waliofaidika zaidi na deksamethasoni, dawa ya kupoza kinga. Tangu hapo kinasaba hiki kimefuatiliwa pia katika IRIS. Lakini mwaka 2023, jaribio la wagonjwa 520 wenye VVU na TB ya utando wa ubongo, katika nchi za Vietnam na Indonesia, lilionyesha kwamba deksamethasoni haikupunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa. VVU hubadili hesabu.

7. Mbona kila utafiti unataja kinasaba chake?

Sababu ya kwanza ni idadi. Chukua wagonjwa 100; watakaopata IRIS ni kama 16. Ukiwagawa hao 16 kwa aina 30 za HLA, unabaki na mtu mmoja mmoja kila kapu, na bahati nasibu tu inaweza kukuonyesha uhusiano usiokuwepo. Ukichunguza vinasaba vingi kwa wakati mmoja, kimoja au viwili vitang'aa hata kama havina neno.

Ya pili ni utambuzi. Kwa kuwa IRIS haina kipimo chake (swali la 2), daktari wa mji mmoja anaweza kuita IRIS kile ambacho wa mji mwingine amekiandika kuwa TB sugu au nimonia.

Ya tatu ni asili ya watu, na hiyo inastahili swali lake.

8. Sisi wa Pwani tuna damu iliyochanganyika. Hatari yetu ni kubwa zaidi?

Hakuna aliyeonyesha hivyo.

Kuchanganyika kwenyewe ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 juu ya mifupa ya kale ya watu wa mwambao, ikiwemo ya Manda na Faza, ulionyesha asili ya Kiafrika, nyingi ikitoka upande wa mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, ikija kwa wingi upande wa baba, mchanganyiko ukianza yapata mwaka 1000. Wazee wa Pate wataona si habari mpya sana.

Kwa suala letu maana yake ni hii: majibu ya Vietnam au Brazili hayawezi kupakiwa jahazini yakashushwa Lamu yalivyo. Alama ya kinasaba inayofuatana na hatari kwa watu wa kule inaweza kuwa haifuatani nayo hapa, kwa sababu vipande vya kromosomu vimekatwa na kuunganishwa kwa njia tofauti kwa vizazi vingi. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote, na wakati huo huo Waafrika ni sehemu ndogo sana ya watu waliochunguzwa vinasaba duniani. Kwa Mbajuni, Mswahili wa Amu, Muorma au Mboni, hatari ya IRIS haijulikani kwa kabila. Anayekupa jibu la kabila anakisia.

9. Kati ya vinasaba na CD4, kipi kina uzito zaidi?

CD4, wala si karibu. Mtu anayeanza ARV akiwa na CD4 chini ya 50 au 100 yuko kwenye hatari kubwa, awe amezaliwa na vinasaba gani. Yanayofuata ni TB iliyosambaa nje ya mapafu, wingi mkubwa wa virusi, na muda mfupi kati ya kuanza dawa za TB na kuanza ARV. Mambo yote manne yanaweza kujulikana Lamu bila kupima kinasaba chochote, na la kwanza linaweza kuepukwa kwa kupima VVU mapema. Kwa maoni yetu, gharama ya kupima vinasaba vya mgonjwa mmoja ingefanya kazi kubwa zaidi kama nauli ya boti ya watu wa visiwani kwenda kupima CD4.

## Vipimo

10. Nilipimwa kwa mashine ya GeneXpert. Kwani hapo si walipima vinasaba vyangu?

Swali zuri, na wanaolichanganya ni wengi. GeneXpert inapima vinasaba vya kijidudu. Inatafuta alama za bakteria wa TB ndani ya makohozi yako, na katika muda wa saa mbili hivi inasema kama wamo na kama wana mabadiliko yanayowafanya wasisikie rifampisini, dawa kuu ya TB. Haisemi lolote kuhusu ukoo wako, wala haiwezi kusema kama utapata IRIS.

Inasaidia kwa njia nyingine. Jibu lake la awali, kwamba TB yako inasikia rifampisini, humsaidia daktari asidhani TB sugu pale unapozidiwa wiki ya tatu. Tunza karatasi hiyo.

11. Naweza kupima vinasaba vya IRIS Lamu, au Mombasa?

Kipimo cha namna hiyo hakipo katika matibabu, si Lamu, si Mombasa, si Ulaya. Vinasaba vya swali la 6 viko kwenye utafiti tu. Akitokea mtu anakuuzia kipimo hicho, pesa zako bora ununue samaki.

12. Hakuna kabisa kipimo cha vinasaba kinachotumika kwa wenye VVU?

Kipo, na kinaonyesha ushahidi wa kweli unavyokuwa. Abakaviri, mojawapo ya ARV, huwaletea watu wachache mzio mbaya. Ikagundulika kwamba karibu wote waliothibitika kuwa na mzio huo wana aina moja ya HLA, HLA-B*57:01. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008, lenye wagonjwa 1,956 kutoka nchi 19, liliwapima nusu yao kabla ya kuwapa dawa. Katika kundi lililopimwa hakuna hata mmoja aliyepata mzio uliothibitishwa. Katika lile lisilopimwa walikuwa asilimia 2.7. Linganisha hayo na vinasaba vya IRIS, utaona safari iliyobaki. Aina hiyo ya HLA ni adimu kwa Waafrika wengi, na hapa kwetu husikii ikipimwa.

Kuna vinasaba vingine viwili vinavyohusu dawa, ambavyo havipimwi ila vinaeleza mengi. CYP2B6 huamua kasi ya mwili kuisaga efavirenzi, ARV nyingine. Waafrika wengi wana aina ya polepole, na baadhi ya waliohangaika na ndoto na kizunguzungu enzi za dawa hiyo walikuwa na sababu hii. NAT2 huamua kasi ya kuisaga isoniazidi ya TB. Wenye aina ya polepole huumia ini kwa urahisi zaidi. Macho yakigeuka manjano katika mwezi wa kwanza, yanaweza kuwa madhara hayo au IRIS ya ini, na tiba zake hazifanani. Rudi kliniki siku hiyo hiyo.

## Familia na ukoo

13. Kaka yangu alipata IRIS. Nami nikianza dawa nitaipata?

Si lazima, na hakuna kiwango anachoweza mtu kukutajia. Ndugu wa baba na mama mmoja hugawana nusu ya vinasaba kwa wastani, lakini hawagawani CD4. Ikiwa kaka yako alianza akiwa kitandani na wewe unaanza ungali unakwenda shughuli zako, hali zenu ni mbali kabisa. Mwambie daktari habari hiyo, haina madhara. Ila jambo kubwa alilokuachia kaka yako ni sababu ya kutochelewa.

14. Mimi na mume wangu ni watoto wa ndugu. Watoto wetu wako hatarini?

Kwa IRIS, hakuna sababu ya kuogopa hilo. Ndoa za binamu huongeza uwezekano wa magonjwa yanayohitaji kurithiwa kwa baba na mama wote wawili, na IRIS haiko hivyo.

Iko hali moja adimu ya kutaja, na tunaitaja kwa kuwa inaulizwa na wahudumu. Watoto wachache sana huzaliwa na hitilafu katika vinasaba kama IFNGR1 au IL12RB1, inayozuia mwili kupambana na jamii ya vijidudu vya TB. Kwa hao, hata chanjo ya BCG inaweza kusambaa mwilini na kuwa ugonjwa, na wengi huzaliwa na wazazi walio ndugu. Mtoto asiye na VVU anayeumwa sana kutokana na BCG, au ambaye nduguye alikufa kwa hali kama hiyo, apelekwe kwa daktari wa watoto, na habari ya udugu wa wazazi isemwe bila haya. Si aibu, ni sehemu ya historia ya ugonjwa.

15. Mtoto wangu ana VVU, ameanza dawa, na sasa ana uvimbe kwapani upande aliochanjwa BCG. Ni kitu hicho?

Huenda ni IRIS ya BCG. Hutokea kwa watoto wachanga wanaoanza ARV, kinga inaporudi na kukikuta kijidudu cha chanjo. Haimaanishi kwamba ana hitilafu ya swali la 14. Usiutumbue wala kuukanda kwa moto. Mpeleke akaangaliwe, na ARV ziendelee.

## Matibabu

16. Kama kuanza ARV mapema kunaleta IRIS, kwa nini nisimalize TB kwanza?

Kwa sababu wanaosubiri hufa zaidi.

Hili lilipimwa. Kule Kambodia, wagonjwa 661 wenye TB na CD4 za chini sana waligawanywa: wengine walianza ARV wiki ya 2 ya dawa za TB, wengine wiki ya 8. Walioanza mapema walipata IRIS zaidi, kama mara mbili na nusu. Hata hivyo waliokufa kwao walikuwa asilimia 18, na kwa waliosubiri asilimia 27. Jaribio jingine la miaka hiyo lililohusisha mabara kadhaa, lenye wagonjwa 809, liliona jambo hilo hilo kwa wenye CD4 chini ya 50: waliopata ugonjwa mpya wa Ukimwi au kufa walikuwa asilimia 15.5 wakianza mapema, na 26.6 wakichelewa. Yote mawili yalichapishwa mwaka 2011.

Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuanza ARV ndani ya wiki 2 za dawa za TB, CD4 ziwe ngapi. TB ya utando wa ubongo ndiyo iliyotengwa: huko husubiriwa wiki 4 hadi 8, kwa kuwa uvimbe ndani ya fuvu hauna pa kwenda.

17. IRIS hutibiwa kwa nini?

Iliyo nyepesi huisha yenyewe, kwa dawa ya maumivu na subira. Tezi iliyojaa usaha hunyonywa kwa sindano. Iliyo kali hutibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kupoza kinga, kwa wiki kadhaa, kipimo kikishushwa polepole. Rifampisini huipunguza nguvu prednisoloni mwilini, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonekana kikubwa kuliko alichopewa jirani mwenye pumu. Si kosa la daktari.

Prednisoloni pia inaweza kutolewa kabla, kama kinga. Jaribio la Cape Town lililochapishwa mwaka 2018 liliwachukua wagonjwa 240 wenye CD4 zisizozidi 100. Waliopewa miligramu 40 kwa siku 14 kisha 20 kwa siku 14 walipata IRIS asilimia 32.5, waliopewa vidonge vitupu walipata asilimia 46.7. Angalia jinsi walivyochagua nani apewe: kwa CD4. Hakuna aliyepimwa kinasaba ili apewe.

Prednisoloni usiinunue dukani kwa kusikia. Mwenye madoa ya zambarau ya saratani ya Kaposi anaweza kuzidiwa vibaya akiimeza, mwenye kisukari sukari itampanda, na kama TB yako ni sugu utakuwa umefunika moto kwa jani.

18. Nimeambiwa nimeze dolutegraviri mara mbili kwa siku, wenzangu wanameza mara moja. Ni kwa sababu ya IRIS?

Hapana. Dolutegraviri ni mojawapo ya ARV, na rifampisini huufanya mwili uisage haraka. Utameza miligramu 50 mara mbili hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini, kisha unarudi mara moja.

19. Ramadhani imeingia nami niko kwenye dawa. Nifunge?

Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na shehe yeyote wa mtaani atakuambia hivyo. Mwenye IRIS inayoendelea, mwenye homa, au aliye kwenye prednisoloni, asifunge kabla ya kusema na daktari. Aliyetulia kwenye dawa zake huenda akapangiwa za futari na za daku. Apangiwe na kliniki mwezi haujaandama. Kujipangia mwenyewe ndiko kunakoleta dozi zilizorukwa.

20. Niko Kizingitini, usiku, mgonjwa amezidiwa. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri kwa mambo haya: kuhema kwa shida, maumivu makali ya kichwa yenye kutapika, shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, upande mmoja wa mwili kulegea, tumbo gumu kama ubao. Anza na zahanati iliyo karibu na piga simu hospitali ya King Fahd ukiwa njiani. Mwenye mgonjwa aliyeanza ARV mwezi huu akiwa na CD4 za chini apange mapema: nahodha gani atapokea simu usiku, na maji ya mlango wa Mkanda yatakuwaje. Maji yakipwa njia hufunga, na ugonjwa haufuati bamvua.

Homa na tezi bila dalili hizo zinaweza kungoja kuche, lakini zisingoje tarehe ya kliniki.

21. Wazee wanasema amerogwa, wanataka anywe kombe.

Dua na kombe havigombani na ARV. Tatizo ni mganga anayesema "acha za hospitali kwanza", au mchanganyiko wa mizizi unaoumiza ini ambalo tayari limebebeshwa isoniazidi.

## Utafiti na siri

22. Nimeombwa damu kwa utafiti wa vinasaba. Nikubali?

Hiari yako, na matibabu yako hayabadiliki ukikataa. Lau watu wa mwambao hawatashiriki kabisa, jibu la swali la 8 litabaki lile lile kwa wajukuu zetu. Lakini uliza kabla ya kutia sahihi au dole gumba: damu itahifadhiwa wapi na miaka mingapi, itapelekwa nje ya nchi au la, itatumika kwa utafiti mwingine usioutaja leo, jina langu limeondolewaje, na nikibadili nia nimpigie nani. Mradi halali una kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na utakuonyesha.

Sheria ya mwaka 2006 ya VVU na Ukimwi inalinda siri ya hali yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za vinasaba kuwa nyeti, daraja moja na habari za afya. Mji wetu mdogo, na vinasaba vina tabia moja ambayo CD4 hazina: vikivuja, vinawataja na ndugu zako ambao hawakuulizwa.

23. Binti yangu aliye ng'ambo anataka kunitumia kifaa cha kupima vinasaba kwa mate. Kitasaidia daktari?

Kwa IRIS, hapana. Vifaa hivyo husoma sehemu ndogo ya vinasaba, HLA na KIR husomwa vibaya au havisomwi kabisa, na hata vingesomwa vizuri hakuna daktari mwenye jedwali la kumwambia afanye nini na jibu. Mwambie binti, kama ana nia ya kutuma kitu, atume nauli ya kurudi kliniki wiki ya 2 na ya 4 baada ya kuanza ARV.